Risasi na Zebaki

Siku ya arobaini mama mkwe alikuja na kikasha cha shaba,
kimo cha kidole gumba,
kijiti chake kimelala ndani kama sindano.
"Macho ya Areej yanataka wanja," akasema.
"Yapanuke. Yasiogope jua la Multan.
Na kijicho kikija kikute mlango umefungwa."

Nilikuwa nanyonyesha. Umeme ulikuwa umekatika.
Nikasema hapana,
na feni iliyokwisha kusimama ikazidi kusimama.

Kliniki, nesi Shagufta alikuwa ametueleza:
lile jiwe linalopondwa hadi likawa unga unaong'aa
lina risasi ndani yake.
Si ya bunduki. Hii haipigi kelele.
Hupita kwenye unyevu wa jicho,
hupita kwenye kidole kilichofikicha jicho kisha kikanyonywa,
ikaingia damuni, ikakaa
kama mgeni asiyeuliza njia ya kurudi.
"Mtoto haanguki," alisema nesi. "Anachelewa tu.
Leo kashika herufi, kesho imemponyoka."

"Mume wako nilimpaka," akajibu Bakhtawar.
"Nikawapaka na nduguze wanne. Nionyeshe kipofu ni yupi."

Sikuweza. Tanvir ni mhasibu, hesabu zake hazipotei.
Ila nani ajuaye angekuwa nani?

Hilo sikulisema. Nililimeza.
Naye akanitazama taratibu,
kama mtu apimaye kitambaa kwa macho kabla ya kutaja bei,
akavuta mtoto wa meza,
akatoa kopo langu.

Kifuniko cha rangi ya waridi. Orodha ya viungo, hakuna;
kuna picha tu ya mwanamke mweupe
kama ndani ya ganda la yai.
Shangazi alinipa wiki ya harusi:
"Ngozi yako nzuri, mwanangu, ila ingefifia kidogo."
Nimeipaka miezi yote tisa, shingoni, kifuani,
na juzi pia, hapa,
karibu na pale Areej anapolaza shavu.

"Na hili? Nesi wako alisemaje?"

Alisema. Aliitaja zebaki kwa jina.
Nilikuwa benchi la nyuma, nikajifanya natafuta leso.
Alisema hupenya ngozi, huvuka kondo, hushuka na maziwa,
na hata mto wa kulalia wawili huibeba
kutoka shavu kwenda shavu.

Umeme ukarudi. Feni ikakohoa.
Areej akaachia ziwa, akapiga mwayo mkubwa kumzidi mwenyewe,
na sisi wawili, kila mmoja na silaha ya mwenzake mkononi,
hatukujua nani aanze kuiweka chini.

Tulikwenda pamoja, kwa rikisho,
vyote viwili ndani ya chupa ya achari iliyooshwa, mfuniko umekazwa.
Usimwage mtaroni, nesi alikuwa ameonya;
mtaro huenda mferejini, na mferejini kuna wanaooga.
Akapokea kwa glovu.
Kikasha kile kilikuwa cha mama yake Bakhtawar.
Alikishika kwa muda
mrefu kuliko unaohitajika kukabidhi kitu.
Kisha wakatutoa damu: mtoto kisigino, mimi mkono.

Usiku nikamkuta chini ya taa,
miwani puani, uzi mweusi, kofia ya Areej mapajani.
Anashona nukta moja juu ya sikio,
saizi ya punje ya dengu.
"Kijicho hakijui kusoma viungo," akasema bila kuinua kichwa.
"Kitaona cheusi, kitakwenda zake."

Nikanawa uso kwa maji matupu.
Nikabadilisha foronya, zote, hata ambazo hazijalaliwa.

Majibu yatatoka Alhamisi.
Leo Jumatatu.
Bakhtawar amemaliza kofia moja, ameanza ya pili.